Namna vyuo vidogo vya Marekani vinavyopata wachezaji ambao vyuo vikubwa havikuwangoja

Tarehe 7 Septemba 2024, timu ya Chuo Kikuu cha Northern Illinois ilisafiri hadi South Bend, jimbo la Indiana, kucheza mpira wa Kimarekani dhidi ya Notre Dame, na chuo chake kililipwa dola milioni 1.4 kwa safari hiyo. Malipo ya namna hii ni desturi ya kila mwaka: chuo kikubwa humwalika mgeni anayedhaniwa kuwa dhaifu ili mashabiki wafungue msimu kwa ushindi, nacho chuo kidogo hukubali hatari ya kufungwa vibaya kwa sababu fedha hizo huziba pengo katika bajeti ya idara yake ya michezo. Northern Illinois ilishinda kwa pointi 16 dhidi ya 14. Notre Dame haikuwa timu mbovu hata kidogo, maana wiki hiyo ilishika nafasi ya 5 katika orodha ya timu bora za nchi, na msimu huohuo iliendelea hadi fainali ya taifa.

Matokeo ya siku moja huweza kusukumwa na bahati, lakini swali lililo nyuma yake ni la kudumu. Chuo kisicho na uwanja wa watu 80,000, kisichoonekana kwenye televisheni ya taifa kila Jumamosi, na ambacho makocha wake wenyewe huondoka mara tu wanapong'ara, hupata wapi vijana wanaoweza kusimama mbele ya waliochaguliwa kutoka nchi nzima? Jibu ninalolitetea hapa ni kwamba hakiwapati kwa kuwania vijana walewale. Kinaishi kwa kuwatambua wale ambao vyuo vikubwa vinawapima vibaya au havina subira ya kuwangoja. Na mabadiliko ya kanuni tangu mwaka 2018 yamekiachia kipaji hicho cha kutambua, lakini yamekipunguzia sana muda wa kufaidi alichokilea.

Msomaji aliyezoea soka anahitaji kujua kwanza kwamba timu za kulipwa za mpira huu hazina akademi za vijana. Ligi ya kulipwa, NFL, haimchukui mchezaji mpaka ipite miaka mitatu tangu darasa lake limalize sekondari, na karibu wote huipitisha miaka hiyo chuoni. Kwa hiyo chuo kikuu ni shule, ni akademi, na kwa mamilioni ya watazamaji ndiyo klabu yenyewe. Kocha humfuata kijana wa miaka 16 au 17 shuleni na nyumbani kwao, huzungumza na wazazi na kocha wake wa sekondari, hutazama picha za video za michezo yake, kisha humpa ofa, yaani ahadi ya kulipiwa ada, malazi, chakula na vitabu ili aje kusoma na kucheza.

Vyuo vimepangwa kwa madaraja chini ya chama kiitwacho NCAA. Daraja la Kwanza lina sehemu mbili. Sehemu ya juu, FBS, ina timu zaidi ya 130, na ndani yake zimo jumuiya, yaani makundi ya vyuo vinavyocheza ligi pamoja; nne ni tajiri, SEC, Big Ten, ACC na Big 12, ambazo hugawana sehemu kubwa ya fedha za televisheni. Mkataba ambao Big Ten peke yake iliutangaza mwaka 2022 ulikadiriwa kuzidi dola bilioni 7 kwa miaka saba. Timu nyingine za FBS, kama Northern Illinois na Boise State, zilicheza katika sehemu hiyohiyo kwa mapato madogo mno zikilinganishwa na hizo. Chini yake kuna FCS, kisha Daraja la Pili, kisha la Tatu, ambalo haliruhusiwi kabisa kutoa ufadhili kwa sababu ya michezo. Kwa takriban miongo mitatu timu ya FBS iliruhusiwa kufadhili wachezaji 85. Timu ya FCS ilikuwa na ufadhili 63 unaoweza kukatwa vipande na kugawiwa wachezaji wengi zaidi, na ya Daraja la Pili 36 unaogawanywa vilevile.

Hiyo namba 85 ndiyo iliyoujenga ulimwengu wa vyuo vidogo tunaoujua, na inashangaza kwamba haizungumzwi zaidi. Kabla ya mwaka 1973 hapakuwa na kikomo cha taifa, na vyuo vikubwa viliweza kulundika wachezaji, wengine wakisajiliwa ili tu wasiende kwa mpinzani. Mwaka huo NCAA iliweka kikomo cha 105. Mwaka 1978 kikashuka hadi 95. Na kufikia mwaka 1994 kilikuwa 85. Ukizinyang'anya timu 60 tajiri nafasi 20 kila moja, vijana 1,200 wenye uwezo hulazimika kutafuta mahali pengine, na mahali penyewe ni vyuo vya miji kama DeKalb (Northern Illinois), Toledo, Boise, Laramie (Wyoming) na Fargo (North Dakota State). Naamini hakuna kocha wala mfadhili aliyevisaidia vyuo vidogo kuliko mstari huo mmoja wa kanuni, na umuhimu wake utaonekana tena tutakapofika kwenye mambo ya mwaka 2025.

Vyuo vikubwa huchagua kwa msaada wa viwango vya nyota vinavyotolewa na kampuni kama 247Sports na Rivals, kuanzia nyota 2 hadi 5. Katika hesabu ya 247Sports, wa nyota 5 ni kama 32 tu kila mwaka, idadi inayolingana na nafasi za raundi ya kwanza ya uteuzi wa NFL, yaani zoezi la kila mwaka ambamo timu za kulipwa huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Ni kosa kuvidharau viwango hivi. Kwa wastani viko sahihi: kijana wa nyota 5 ana nafasi kubwa zaidi ya kufika NFL kuliko wa nyota 3, na mwandishi Bud Elliott alionyesha kwa miaka mingi kwamba mabingwa wa taifa walikuwa wale ambao zaidi ya nusu ya wachezaji waliowasajili katika miaka minne walikuwa wa nyota 4 au 5. Chuo kidogo kinachodai kwamba nyota hazina maana kinajidanganya. Kinachokisaidia ni kwamba wastani huficha makosa, kwamba makosa hayo hurudiwa kwa namna ileile kila mwaka, na kwamba kikosi kinachohitaji vijana 20 wapya kinaweza kuishi kwa makosa hayo.

Kosa la kwanza linatokana na umri. Kijana hupewa nyota akiwa na miaka 16, wakati mwili wake haujamaliza kukua. Carson Wentz alipoingia sekondari huko Bismarck, North Dakota, alikuwa na urefu wa sentimita 173 hivi. Alipomaliza alikaribia sentimita 196, lakini kufikia hapo vyuo vikubwa vilikuwa vimekwisha kufunga hesabu zao za kwotabeki, mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. North Dakota State, chuo kilichokuwa FCS wakati huo na kilicho karibu naye, kilimchukua, na mwaka 2016 aliteuliwa wa pili katika NFL nzima. Cody Mauch alitoka Hankinson, mji mdogo wa jimbo hilohilo ambako sekondari huchezesha wachezaji tisa upande mmoja badala ya kumi na mmoja. Alijiunga na North Dakota State bila ufadhili akiwa na kilo 100 hivi, akalishwa, akafanyishwa mazoezi ya uzito kwa miaka kadhaa hadi akapita kilo 135, akahamishiwa mstari wa mbele, na mwaka 2023 Tampa Bay Buccaneers wakamteua katika raundi ya pili. Huko Central Michigan, Eric Fisher aliingia akiwa mwembamba kuliko walinzi wa kwotabeki wanavyotakiwa kuwa, na mwaka 2013 akawa mchezaji wa kwanza wa jumuiya yake kuteuliwa namba moja katika NFL.

Mifano hii yote ni ya watu wakubwa wa umbo, na hilo halikutokea kwa bahati. Kasi huonekana mapema. Kijana anayekimbia mita 100 kwa muda mzuri atagunduliwa na kila mtu akiwa bado darasa la tisa, na ndiyo maana vyuo vidogo mara nyingi hushindwa kupata wakimbiaji na mabeki wa pembeni wa hali ya juu. Mwili wa mchezaji wa mstari wa mbele hujengwa jikoni na kwenye chumba cha vyuma kwa miaka mitatu au minne, na kocha mwenye jicho hutazama vitu visivyo kwenye takwimu: upana wa mabega, urefu wa baba na wajomba, ukubwa wa miguu, na kama kijana hucheza mpira wa kikapu au mieleka wakati wa baridi. Chuo kikubwa chenye kocha anayeweza kufukuzwa baada ya misimu miwili hakina motisha ya kungoja. Chuo kidogo kinaweza kumweka kijana nje ya uwanja mwaka mzima wa kwanza bila kumpotezea haki ya misimu minne ya kucheza, kikapata timu ya watu wazima wa miaka 22 na 23 inayokutana na vijana wa miaka 19 wenye vipaji zaidi. North Dakota State ilipotwaa mataji 10 ya FCS kati ya msimu wa 2011 na wa 2024, sehemu kubwa ya siri yake ilikuwa hiyo, pamoja na kwamba vijana wa Minnesota, Wisconsin na Dakota zote mbili walikua wakiiona timu hiyo kama ndoto yao wenyewe.

Kosa la pili ni la nafasi uwanjani. Trey Lance wa Marshall, Minnesota, alitakiwa na vyuo vikubwa kadhaa kwa sharti kwamba aache kuwa kwotabeki na acheze beki. North Dakota State ilimwambia atacheza anapotaka, na mwaka 2021 aliteuliwa wa tatu katika NFL. Ofa ya namna hii haigharimu chuo kidogo senti moja, na kwa kijana anayejiamini ina uzito kuliko uwanja mkubwa.

Kosa la tatu ni la macho: mtu hawezi kumpima asiyemwona, au anayechezeshwa kwa mfumo unaomficha. Cam Ward alicheza sekondari huko West Columbia, Texas, katika timu iliyopenda kukimbia na mpira na kuurusha mara chache tu, kwa hiyo hakuwa na takwimu za kuonyesha, na kampuni za viwango hazikumpa hata nyota moja. Aliyemwona ni Eric Morris, kocha wa Incarnate Word, chuo cha Kikatoliki cha San Antonio kilicho FCS. Morris alikuwa amesimamia mashambulizi ya Texas Tech wakati Patrick Mahomes, ambaye baadaye aling'ara NFL, akiwa kwotabeki huko, na alijua mkono wa namna ile unavyofanana hata kabla haujapata takwimu. Ofa yake ndiyo iliyompeleka Ward chuoni, na Aprili 2025 Tennessee Titans walimteua Ward wa kwanza kuliko wote.

Josh Allen alikulia Firebaugh, mji wa mashamba katikati ya California. Alimaliza sekondari bila ofa ya chuo chochote cha FBS, akaenda chuo cha jamii cha miaka miwili, kisha akaandika barua pepe kwa makocha kote nchini. Wyoming ndiyo iliyomchukua. Kocha wa Wyoming wakati huo alikuwa Craig Bohl, ambaye miaka michache kabla alikuwa North Dakota State na ndiye aliyemsajili Wentz. Mtu mmoja kuwapata kwotabeki wawili walioteuliwa ndani ya nafasi 10 za kwanza za NFL, akiwa katika vyuo viwili ambavyo vijana wa nyota 5 hawavifikirii, ni ushahidi kwamba tunazungumzia ujuzi unaorithishwa na kufundishwa, na ningependa waandishi wa michezo waupe heshima wanayowapa makocha wanaobuni mbinu za uwanjani.

Katika kazi ya kila siku ujuzi huo huanza na ramani. Kocha msaidizi hupewa eneo lake, labda Detroit au nusu ya Ohio, na hulitembelea mwaka baada ya mwaka hadi makocha wa sekondari wamwamini kiasi cha kumpigia simu kabla ya kumpigia mtu mwingine. Cincinnati iliyofika nusu fainali ya taifa msimu wa 2021, ya kwanza kutoka nje ya jumuiya tajiri kufika hapo katika mfumo wa timu nne, ilijengwa hivyo: beki Ahmad Gardner alitoka Detroit, kwotabeki Desmond Ridder alitoka Louisville, wote wakiwa mwendo wa saa chache kwa gari, na Aprili iliyofuata wachezaji tisa wa kikosi hicho waliteuliwa na NFL. Kiangazi kuna kambi za siku moja ambazo vyuo vikubwa huziandaa na kuwaalika makocha wa vyuo vidogo kuja kusaidia kufundisha. Mamia ya vijana huja wakitumaini kuonwa na mwenyeji, na wageni walio pembeni na saa zao za kupimia kasi huwaandika wale ambao mwenyeji hatawachukua.

Halafu kuna mbinu za mchezo wenyewe, ambazo wengi hawazihesabu kama sehemu ya usajili. Jeshi la Nchi Kavu na Jeshi la Majini la Marekani yana vyuo vyao, Army na Navy, vinavyocheza FBS. Anayejiunga nao hutakiwa kutumikia jeshi miaka isiyopungua mitano baada ya kuhitimu, na kanuni za kijeshi hazimruhusu kuwa na mwili wa kilo 150 kama walinzi wa NFL. Kwa hiyo vimejenga mashambulizi yanayotegemea kukimbia na mpira, ambamo kwotabeki huamua papo hapo kati ya njia tatu kwa kumsoma adui, na walio mbele hushinda kwa kuwahi na kwa pembe ya kugonga, si kwa uzito. Mfumo huo huwafanya vijana wa kilo 120 ambao hakuna mwingine anayewataka kuwa wachezaji wa thamani, na huwasumbua wapinzani ambao hukutana nao mara moja kwa mwaka. Msimu wa 2024 Army ilishinda michezo 12 na kutwaa taji la jumuiya yake katika mwaka wa kwanza wa kujiunga nayo. Kellen Moore naye, kijana wa Prosser, jimbo la Washington, mfupi na asiye na mkono wenye nguvu, alifaa mfumo wa Boise State uliotaka akili ya haraka na shabaha, akashinda michezo 50 na kupoteza mitatu akiwa kwotabeki anayeanza mchezo.

Vyuo vya Ivy League, kama Yale na Princeton, havitoi ufadhili wa michezo kabisa, ila msaada unaotokana na hali ya kifedha ya familia, na huuza shahada yao kwa wazazi kuliko wanavyouza uwanja kwa kijana. Boise State yenyewe iliwahi kupata jina kwa uwanja wa nyasi bandia za buluu uliotandikwa mwaka 1986, na zaidi kwa mchezo wa Januari 1, 2007 ilipoifunga Oklahoma 43 kwa 42 katika muda wa ziada. Ushindi mmoja wa namna hiyo hufungua milango ya nyumba ambazo kocha hakuwahi kukaribishwa.

Hata kabla ya mabadiliko ya karibuni, ugumu mkubwa ulikuwa kumhifadhi aliyepatikana. Ahadi ya kijana kwa mdomo haimfungi. Chuo kidogo kinapomgundua mapema na kumpa ofa, ofa yenyewe huwa tangazo kwa wengine. Kocha wa chuo kikubwa aliyekosa chaguo lake la kwanza hupitia orodha ya walioahidi kwa wadogo na kuanza kupiga simu wiki chache kabla ya kusaini. Tangu mwaka 2017 kuna kipindi cha kusaini mwezi Desemba, na kwa chuo kidogo kilikuwa ahueni kwa sababu kilipunguza majuma ya hofu hadi Februari, ingawa kiliondoa pia miezi miwili ya kuwatafuta waliochelewa kukua.

Oktoba 2018 NCAA ilifungua daftari la kielektroniki ambamo mchezaji huandikisha jina lake kwamba anataka kuhama, na chuo chake hakiwezi kumzuia. Mwaka 2021 kanuni iliyomlazimu anayehama kukaa nje mwaka mzima iliondolewa kwa uhamisho wa kwanza, na mwaka 2024, baada ya kesi mahakamani, ikaondolewa kwa uhamisho wowote ilimradi masomo yake yako sawa. Katikati ya hayo, tarehe 1 Julai 2021, wachezaji waliruhusiwa kupokea malipo kwa matumizi ya jina na sura zao, na haikuchukua muda wafadhili wa vyuo tajiri kuyageuza malipo hayo kuwa mshahara kwa jina lingine. Juni 2025 jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi iitwayo House, yanayoruhusu chuo kuwalipa wachezaji wa michezo yote moja kwa moja hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Kwa vyuo vilivyojiunga na makubaliano hayo, kile kikomo cha ufadhili 85 kimefutwa na mahali pake pamewekwa kikomo cha wachezaji 105 kikosini, ambao wote wanaweza kufadhiliwa na mwenye uwezo. Ukuta uliojengwa kwa miaka 20 kuanzia 1973 umerudishwa nyuma hadi karibu pale ulipoanzia.

Kwa hiyo tazama njia ya Ward. Baada ya misimu miwili Incarnate Word, Morris aliajiriwa Washington State, na Ward akamfuata. Baada ya misimu miwili mingine akaenda Miami. Kutoka Miami akaenda NFL. Chuo kilichomwona wakati hakuna aliyemwona kilimfaidi kwa misimu miwili. Kocha Curt Cignetti alipoondoka James Madison kwenda Indiana kabla ya msimu wa 2024, wachezaji 13 walimfuata, na Indiana, chuo kilichokuwa na historia ya kushindwa, ilishinda michezo 11 mwaka huohuo. Kwotabeki Diego Pavia alipita chuo cha miaka miwili, kisha New Mexico State, kisha Vanderbilt, na Oktoba 2024 akaiongoza Vanderbilt kuifunga Alabama 40 kwa 35. Siku hizi chuo kikubwa hakihitaji tena kuwa na jicho. Kinaweza kungoja wengine wakague, wafundishe na wathibitishe, kisha kikamlipa aliyethibitishwa.

Hata hivyo mto huu una mkondo wa kurudi. Kocha anayeweza kununua mchezaji wa miaka 21 aliye tayari hupunguza nafasi moja ya kijana wa sekondari, na kila nafasi inayopungua juu humshusha kijana ambaye kabla ya mabadiliko haya chuo kidogo kisingeweza kumwota. Wale waliokaa benchi kwenye vyuo vikubwa nao hushuka kutafuta uwanja. James Madison iliyoachwa na Cignetti na wachezaji wake ilijijenga upya, na msimu wa 2025 ikaingia mtoano wa timu 12 wa kuwania ubingwa wa taifa. Kocha wa chuo kidogo leo husajili mara tatu kila mwaka: kijana wa sekondari, mhamiaji, na kikosi chake mwenyewe, ambacho kila msimu unapoisha lazima akibembeleze upya mchezaji kwa mchezaji.

Kubembeleza huko hakushindwi kila mara. Ashton Jeanty alianza mchezo huu akiwa mtoto wa familia ya kijeshi huko Napoli, Italia, akasajiliwa na Boise State kutoka Texas, na baada ya kung'ara alibaki ingawa vyuo vyenye fedha nyingi zaidi vilimtaka. Msimu wa 2024 alikimbia yadi 2,601, wa pili katika historia nyuma ya Barry Sanders wa mwaka 1988, na Boise State ikaingia mtoano kama timu ya tatu kwa upangaji. Aliyebaki alipata kitu ambacho asingeahidiwa kwingine: timu iliyojengwa kumzunguka yeye.

Hapa ndipo msomaji wa soka anaona pengo mara moja. FIFA ina kanuni kwamba mchezaji anapouzwa kwenda nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Mbwana Samatta alipohama kutoka Genk ya Ubelgiji kwenda Aston Villa Januari 2020, kanuni hiyo ilizihusu pia klabu alizochezea Afrika ndani ya umri huo. Katika mpira wa vyuo vya Marekani hakuna kitu cha namna hiyo. Mchezaji huondoka, na aliyemlea hubaki na kiti kitupu. Siungi mkono kurudi kwenye kanuni za zamani, kwa kuwa zilimfunga kijana mahali pamoja huku kocha wake akiwa huru kuondoka usiku wa manane kwenda kwenye mshahara mkubwa zaidi. Uhuru wa vijana hawa ulichelewa na ni haki yao. Lakini fidia ya malezi inayolipwa na chuo kinachopokea, bila kumkata mchezaji chochote wala kumpa mtu nguvu ya kumzuia, ingeacha motisha ya kutafuta na kufundisha mahali pake. Vyuo vingine vimeanza kuandika katika mikataba ya malipo kifungu kinachomtaka anayeondoka mapema, au chuo kinachompokea, kurudisha sehemu ya fedha. Ni mwanzo hafifu, kwani unavifaa zaidi vyuo vyenye fedha za kuandikia mikataba.

Kuna familia zinazozungumza Kiswahili ambazo jambo hili limezifikia mlangoni, hasa za Wakongo waliopata makazi mapya katika miji kama Boise, Fargo na Des Moines, ambako mtoto mwenye umbo kubwa huitwa uwanjani na kocha wa sekondari kabla wazazi hawajaujua mchezo wenyewe. Ni muhimu zitofautishe barua ya kumwalika kijana kambini, ambayo vyuo hutuma kwa maelfu, na ofa ya ufadhili iliyoandikwa. Na ziulize kama ufadhili wa FCS au Daraja la Pili ni kamili au ni kipande, kwa kuwa kipande kinaweza kuiacha familia na deni la maelfu ya dola kila mwaka. Kijana anayependwa na Daraja la Tatu asikate tamaa kwa sababu hakuna ufadhili wa michezo, maana vyuo vingi vya daraja hilo hutoa misaada mikubwa kwa alama za darasani na kwa kipato cha familia. Maswali ya kumwuliza kocha ni ya wazi: ni wachezaji wangapi wa nafasi hii wamekwisha kusajiliwa, ni wangapi huletwa kutoka vyuo vingine kila mwaka badala ya kutoka sekondari, ufadhili unabaki ikiwa kijana ataumia goti, na ikiwa wewe kocha utaondoka mwakani, nani atakayeitimiza ahadi uliyoitoa.